Mti Gani Ututolee Mbegu?

Kuna kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe, nasi tunaliandika ili wengine wasilirudie. Tulipotaka kupanda grevilea, tulichuma mbegu kwa mti mfupi wenye matawi ya chini, sababu kuukwea hakukuwa na shida. Watoto wake leo iko mifupi, inagawanyika mapema, haitatoa mbao hata moja.

Wamoja kati yetu wanasema ni udongo, maana hapa Majengo tunapanda kati ya mawe ya Nyiragongo. Pengine ni kweli. Ndiyo sababu kuchagua mti mzazi si kazi ya macho tu. Mti ulio karibu na jalala utanenepa hata kama uzao wake ni mbaya, juu unakula vizuri! Basi tuulinganishe na jirani zake, tuseme watano, wa umri mmoja na udongo mmoja. Ukiwapita hapo, tunaweza kuwaza kwamba uzuri ni wa damu yake.

Tena mti bora wa shambani si ule mkubwa kuliko yote. Grevilea ilitoka Australia, na wakulima wa Kivu, Rwanda na Kenya waliipenda kwa sababu inakaa pamoja na mazao. Tunataka shina lililonyoka, lisilo na panda, kivuli chepesi kisichoua maharagi, na matawi yanayorudi upesi yakikatwa kwa kuni. Makala ya Goma yanakula miti mingi sana, hata ya Hifadhi ya Virunga.

Lakini mti mmoja mzuri hautoshi. Miti iliyo karibukaribu mara nyingi ni ndugu, na ndugu wakizaana uzao unadhoofika. Wataalamu wanashauri kuchuma kwa miti 30 hivi, iachane kama metre 100. Mbegu za kila mama ziwekwe mbali na kuandikwa, kisha miche ipandwe pamoja mahali pamoja. Baada ya miaka, watoto ndio watatuambia nani alikuwa mzazi mwema.

Kuhusu kuchuma: matunda ya grevilea yanapasuka upesi, na mbegu zina mabawa, upepo unazibeba. Yachumwe yakianza kugeuka kahawia, yaanikwe kivulini juu ya kitambaa.

Shida kubwa ni hii: mti ulionyoka ndio unaokatwa kwanza, sababu mbao zake ni feza. Uliopinda unabaki, nao ndio unatuzalia mbegu mwaka kwa mwaka. Papa mmoja wa mtaa wetu ana grevilea moja iliyonyoka sana, na wapasua mbao wamekwisha kuipima. Tulimwomba aingoje mpaka matunda yakomae. Alisema atafikiri. Jumamosi tutarudi kwake, na mwenye kamba ndefu aje nayo.