Pikipiki Inapokataa Kuwaka Injini Ingali na Moto

Pikipiki iliyowaka vizuri asubuhi yaweza kuzimika njiani na kukataa kuwaka tena, pengine ikiwa imembeba mjamzito anayewahi zahanati. Kabla ya kumaliza nguvu kwa kupiga kiki, dereva afungue kifuniko cha tanki, mbali na sigara. Ikisikika hewa ikivutwa ndani, tundu la kupitishia hewa limeziba, mara nyingi kwa vumbi, na petroli imeshindwa kushuka kwenye kabureta. Asubiri kidogo, kisha awashe. Choki isivutwe, kwani petroli itazidi na kulowesha plagi. Plagi ikiwa kavu na petroli inashuka, huenda koili imeshindwa kutoa cheche kwa sababu ya joto. Hiyo ni kazi ya fundi. Abiria atafutiwe usafiri mwingine mara moja.