Hewa kwanza, taa kisha: namna ya kuchagua sanduku la ordinatere ya michezo

Baba anarudi ku kazi ya usiku. Hajavua hata viatu, mutoto wake amekwisha kusimama mbele yake na telefone mu mukono. Ku ekrani kuko picha ya sanduku la kioo, ndani yake taa za rangi zote zinazunguka.

« Papa, hii njo ninatafuta. »

Baba anaangalia bei, anaangalia mutoto, anauliza: « Na ordinatere yenyewe iko wapi? »

« Bado. Tutaanza na sanduku. »

Kutoka Lubumbashi mupaka Kolwezi, mazungumzo ya namna hii si mageni tena mu nyumba zetu. Vijana wengi hawapendi kununua ordinatere iliyofungwa tayari. Wanataka kuijenga wenyewe, kipande kwa kipande, juu ya kucheza michezo yenye picha nzito, na wengine juu ya kutengeneza video ao kuchora plani. Leo hatuandiki juu ya kusema kama ni vizuri ao ni vibaya. Tunaandika juu ya falanga ya wazazi. Sanduku likichaguliwa vibaya, kipande kingine hakiingii, ao kinaingia na kinapikika ndani. Na kipande kilichosafiri mupaka kikavuka Kasumbalesa, ni nguvu sana kukirudisha juu tu hakikuingia.

Sanduku la kugeuzwa ni nini?

Sanduku la kawaida linakuja na nafasi zake, na njo vile litabakia. Sanduku ambalo wauzishaji wanaita « modulere » linafunguka na kugeuzwa: kizimba cha diski kinatoka ao kinahama juu na chini, kifuniko cha juu kinabadilishwa, kibao cha upande kinaondoka, vantilatere zinaongezwa ku nafasi zilizoachwa wazi.

Tupatie mifano miwili inayojulikana. Mu mwaka 2015 kampuni Cooler Master ilitoa MasterCase 5, ambayo vizimba vyake vya diski viliweza kuhamishwa ku urefu mbalimbali, na vipande vingine viliuzishwa pembeni kwa yule anayevitaka. Mu mwaka 2020 kampuni Fractal Design ya Uswidi ilitoa Define 7: unahamisha bati la ndani, na sanduku lilelile linakuwa ao na nafasi wazi ya hewa, ao na nafasi ya diski nyingi. Hatutangazi biashara ya mutu. Tunataka tu muelewe maana ya neno.

Faida yake kwa mufanyakazi ni moja: sanduku linamungojea mushahara. Mwezi huu munanunua kile kinachowezekana, mwaka kesho munaongeza, na nyumba ya vipande inabakia ileile. Diski za leo zile ndogo, za aina M.2, zinalala juu ya kadi-mama yenyewe, hazihitaji kizimba. Basi kizimba kinatoshwa, hewa inapita. Siku mukihitaji diski kubwa ya kuweka picha na video za jamaa, kizimba kinarudi.

Mujichunge na neno hilo hata hivyo. Mara ingine muuzishaji anasema « iko modulere », kumbe ni alimantasio njo iko modulere, ni kusema waya zake zinachomoka. Ni kitu kizuri, juu waya zinapunguka ndani. Lakini si sanduku. Mumuombe afungue mbele ya macho yenu. Kibao cha upande kinatoka na vidole tu, ao kinahitaji turnevisi? Kizimba kinaondoka, ao kimepigwa rivete? Kama kimepigwa rivete, neno « modulere » liko ku karatasi tu.

Kipimo kinachodumu

Mu mwaka 1995 kampuni Intel ilileta kipimo kinachoitwa ATX. Kadi-mama, ule ubao ambao vipande vyote vinashikana nao, iko na milimetre 305 kwa 244, na matundu ya visi mahali palepale. Kisha zikakuja ndogo zake: Micro-ATX ya milimetre 244 kwa 244, na Mini-ITX ya 170 kwa 170. Sanduku linalokubali ATX kwa kawaida linakubali na zile ndogo. Lakini sanduku la Mini-ITX halitakubali kubwa hata mukilia.

Juu ya kipimo hiki, sanduku zuri linaishi kuliko vitu vyote vinavyoingia ndani yake. Prosesere inazeeka, kadi ya picha inazeeka, lakini bati na matundu yake vinabakia. Kwa familia inayonunua polepole, tunashauri ATX ya kimo cha katikati. Sanduku dogo linapendeza juu ya meza, lakini linakaba hewa, na vipande vyake vidogo mara mingi viko na bei ya juu.

Wengine wanachukua sanduku la ordinatere ya ofisi iliyotumika, iliyotoka Ulaya, na kufikiri wataingiza ndani kadi ya picha yenye nguvu. Mupime kwanza. Mingi kati ya mashini hizo iko na alimantasio ya umbo lake yenyewe na matundu yake yenyewe. Alimantasio ya ATX ya kawaida, yenye milimetre 150 kwa 86 ku uso wake, haipati mahali pa kukaa.

Hewa: hapa baba njo mwalimu

Mutu aliyefanya kazi chini ya udongo, ku Kipushi ao ku Kamoto, hana haja ya kufundishwa jambo hili. Mu mine, hewa safi inashuka kwa njia moja, inapita mahali watu wanapofanya kazi, inabeba joto na moshi, inatokea kwa njia ingine. Mulango wa hewa ukiachwa wazi mahali pasipofaa, hewa inakata njia ya mukato, na wale walio mbele wanabakia mu joto.

Sanduku la ordinatere liko vilevile. Hewa inaingia mbele na chini, inapita juu ya kadi ya picha na prosesere, inatokea nyuma na juu. Kama uso wa mbele ni kioo kizima kilichofungwa, vantilatere tatu zenye taa nyuma yake hazina kitu cha kuvuta. Zinazunguka, zinapiga kelele, joto linabakia. Ndiyo maana tunasema: uso wa mbele uwe wa wavu. Na vile vifuniko vidogo vya nyuma, mahali kadi zinapotokea, musivitupe. Tundu lililoachwa wazi ni ule mulango wa hewa uliosahauliwa.

Vantilatere ziko na vipimo viwili vinavyopatikana kila mahali: milimetre 120 na 140. Ile ya 140 inasukuma hewa sawa na ile ya 120 ikizunguka polepole zaidi, basi kelele inapunguka. Mbili mbele na moja nyuma inatosha kwa kuanza.

Hesabu hii ya mbili kwa moja iko na sababu ingine: mavumbi. Mu kiangazi chetu mavumbi mekundu yanaingia hata mu kabati iliyofungwa. Kama hewa inayoingia inapita ile inayotolewa, ile inayobaki inajisukuma inje kwa nafasi zote ndogo za bati, na mavumbi hayapati njia. Mukifanya kinyume, mukitosha hewa mingi kuliko munayoingiza, sanduku litavuta mavumbi kwa kila tundu lisilo na chujio.

Machujio muyatafute mahali matatu: mbele, juu, na chini mahali alimantasio inapovuta hewa. Yawe ya kutoka bila kufungua visi, sababu kitu kigumu kutosha hakisafishwi. Mu kiangazi muyaangalie kila juma; muyaoshe na maji, muyaache yakauke kabisa mbele ya kuyarudisha. Ndani ya sanduku, brashi laini ya rangi inatosha, ordinatere ikiwa imechomolewa ku umeme. Na jambo moja kwa wababa: musipeleke ordinatere ku kompresere ya kazi. Hewa yake iko na nguvu kupita kiasi, na mara mingi inabeba maji na mafuta. Mukipuliza na kitu kingine, mushike kwanza mabawa ya vantilatere na kidole, yasizunguke.

Metre mu mukono

Hasara nyingi zinatokea hapa. Kadi kubwa za picha za leo zinapita milimetre 300 kwa urefu. Sanduku linaweza kuandikwa kwamba linakubali milimetre 330, lakini hesabu hiyo mara ingine imefanywa bila vantilatere ya mbele, na vantilatere ya kawaida iko na unene wa milimetre 25. Mutoshe hiyo 25, halafu mubakize kidole kimoja juu ya waya.

Kisha kipozeo cha prosesere. Vile vikubwa vya mabomba, mabomba ambayo kwa kawaida ni ya shaba, shaba ileile ambayo mikono ya kwetu inatosha mu udongo, vinaweza kufika milimetre 165 kwa kimo. Sanduku jembamba halitafunga kibao chake cha upande. Tunajua kijana aliyeacha kibao wazi mwaka muzima juu ya milimetre chache tu. Mavumbi yalimaliza vantilatere zake.

Kama munaogopa hesabu, mukate karatoni kwa kipimo cha kadi ya picha, mwende nayo mu duka, muiweke ndani ya sanduku. Karatoni haidanganyi.

Mushike pia kona mbili za juu za sanduku na kulisukuma kidogo. Lile la bati la nusu milimetre linayumba. Lile linalokaribia milimetre 0,8 linasimama. Kadi nzito ya picha inaning'inia ku bati hilo miaka. Juu ya kioo cha upande, kinapendeza, lakini barabara zetu munazijua, na kioo cha namna hii kikigongwa ku kona kinapasuka chote mara moja. Kama sanduku litasafiri, mufungue kioo, mukifunge mu blanketi, kisafiri peke yake.

Na lile sanduku linalouzishwa pamoja na alimantasio ndani, kwa bei ndogo kuliko sanduku tupu? Mukimbie. Umeme wetu unaenda na kurudi kwa nguvu, na alimantasio mubaya ikikufa inaweza kubeba kadi-mama pamoja nayo. Falanga mutakayoacha kutumia ku taa, muiweke ku alimantasio nzuri.

Karatasi moja, mistari mitano

Turudi kwa mutoto na telefone yake. Kuanza na sanduku si kosa. Kosa ni kuanza na sanduku bila kujua kitakachoingia ndani. Mutoto aandike ku karatasi mistari mitano: kipimo cha kadi-mama anayoiwaza, urefu wa kadi ya picha, kimo cha kipozeo, urefu wa alimantasio, na hesabu ya vantilatere na vipimo vyake. Vipande hivyo havijanunuliwa bado, hata. Vipimo vyake vinajulikana mbele ya kununua. Mistari mitano ikijaa, nusu ya masanduku yanayongaa ku telefone yataanguka yenyewe.

Halafu baba na mutoto wakae pamoja. Mutoto anajua majina ya vipande na nguvu zake. Baba anajua njia ya hewa, anajua mavumbi, anajua bati linaloyumba na lile linalosimama, anajua kutumia metre. Kila mumoja iko na nusu ya kazi.

Na siku ile baba atauliza tena « ordinatere yenyewe iko wapi? », mutoto atakuwa na jibu la kumuonyesha: « Iko hapa ku karatasi, Papa. Tuipime. »