Dawa Inayotoka Pole Pole



Mwaka jana mwenzetu mmoja wa chumba cha kulala alikuwa na kidonda mguuni. Munganga alimpa vidonge vya siku saba, kumeza mara tatu kwa siku. Siku ya tatu maumivu yalipungua, basi akaacha. Vidonge vilivyobaki akamgawia rafiki mwenye kikohozi. Kisha juma moja kidonda kikavimba tena, ikalazimu ateremke Uvira, akakosa mtihani wa hesabu. Ni sababu gani?

Tukimeza kidonge, dawa inapanda katika damu, kisha inashuka saa kwa saa, juu mafigo na maini vinaiondoa. Kidonge kinachofuata kikikawia, dawa inakuwa kidogo, na mikrobe zilizobaki zinazaana. Zile zenye nguvu ya kupinga dawa ndizo zinaongezeka.

Je, hakuna njia ya kufanya dawa itoke yenyewe pole pole? Iko. Wataalamu wanatumia nyuzi ndogo sana za polima, ni kusema kitu kama plastiki, chenye molekuli ndefu kama mnyororo. Wanaiyeyusha pamoja na dawa katika kimiminiko kinachokauka upesi, wanatia katika bomba la sindano, kisha wanaunga umeme wa volti elfu kumi ao zaidi. Umeme unavuta tone mpaka linakuwa uzi, na nyuzi zinaangukia bamba la chuma kama utando wa buibui. Uzi mmoja unaweza kuwa na unene wa nanometa mia chache tu. Unywele wa mtu unaupita zaidi ya mara mia. Kitambaa cha nyuzi hizo kikiwekwa juu ya kidonda, dawa inatoka kidogo kidogo pale pale inapohitajika.

Mwaka 2002 El-Refaie Kenawy, mtaalamu wa Misri, na wenzake walionyesha kwamba nyuzi zenye tetrasiklini ziliachilia dawa hiyo kwa muda wa siku 5 hivi. Walitumia polima mbili. Moja inatokana na asidi ile ile iliyo katika maziwa ya kuganda tunayokunywa. Inaweza kutengenezwa kwa mahindi ao muhogo, na inavunjika pole pole mwilini. Ya pili, EVA, iko pia katika kijiti cha kupanga uzazi ambacho waganga wanawawekea mama zetu chini ya ngozi ya mkono: urefu wa sentimeta 4, kazi ya miaka 3. Basi dawa ya kutoka pole pole si hadithi ya mbali.

Lakini nyuzi zenyewe zingali zaidi kazi ya maabara. Mpaka zitufikie, kazi ya uzi ni yetu wenyewe: kumeza kwa saa iliyosemwa, kumaliza vidonge vyote hata ukijisikia vizuri, na kutomgawia mwenzako. Mwenye kikohozi aende kwa munganga.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho