Tukifunga Uchafu wa Intaneti, Tusiifungie Nje Afya ya Mtoto

Siku hizi mwalimu akimwagiza mtoto atafute habari fulani, safari huishia saiba. Hapa Kiserian, kompyuta anayoketia mtoto huenda punde imetumiwa na mtu mzima aliyefuata stakabadhi zake kwenye eCitizen, au mengine asiyopenda yajulikane. Je, mtoto ataangukia ukurasa gani?

Kinga ipo, na gharama yake si kubwa. Mwenye saiba anaweza kutenga kompyuta moja na kukifunga kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia tovuti. Katika Chrome, kwa mfano, msimamizi anaweza kuzuia anwani zote kwanza, kisha akaruhusu tu zile alizoziorodhesha. Mtoto atumie akaunti isiyoweza kubadili mipangilio hiyo, na kumbukumbu za kurasa alizosoma zifutwe anapoondoka.

Lakini kinga hii, kama dawa yoyote, ina kipimo chake. Wengine hupita njia ya mkato: huweka programu ya kuchuja tovuti zenye maneno kama vile "ngono" au "matiti". Mwaka wa 2002, wakfu wa Kaiser Family Foundation nchini Marekani ulichapisha matokeo ya kupima programu za kuchuja. Zilipolegezwa, zilizuia asilimia 87 ya tovuti za ponografia na asilimia 1.4 tu ya tovuti za afya. Zilipokazwa kabisa, ponografia iliyozuiwa ilifika asilimia 91, lakini tovuti za afya zilizozuiwa zilipanda hadi asilimia 24!

Usidhani hilo ni jambo dogo. Msichana aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomfaa. Huenda akaona haya kumweleza mama, akaiuliza kompyuta. Ikimfungia mlango, saa zinayoyoma.

Kwa hiyo, orodha iandaliwe na watu: mwalimu, mzazi na mhudumu wa afya. Wasisahau tovuti za Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani (WHO), kando na zile za masomo. Kila tovuti ijaribiwe, kwani huduma moja yaweza kuhitaji anwani zaidi ya moja. Kisha ibandikwe karatasi kando ya skrini yenye nambari mbili za kupiga bila malipo: 116 ya kuwasaidia watoto, na 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Nawe mzazi, kabla ya kumwacha mwanao saiba, usiulize tu ni nini kilichofungwa. Uliza pia ni nini kilichoachwa wazi.