Kuni zisizohesabiwa katika bei ya maharage

Mkulima wa Rulenge, wilayani Ngara, anapofikisha gunia la maharage sokoni, mnunuzi huangalia aina, ukavu na kama yametobolewa na wadudu. Wakikubaliana bei, biashara imekwisha. Kitu kimoja hakihesabiwi: kuni za kuyaivisha.

Ndizi na maharage ndicho chakula kilichozoeleka Ngara, pamoja na mihogo, viazi vitamu na mahindi. Ndizi mbichi huiva upesi, na maganda yake hurudi shambani au huliwa na mbuzi. Maharage makavu yana gharama zaidi. Yakiwa yamekaa ghalani muda mrefu na hayakulowekwa, yanaweza kuchukua saa tatu jikoni. Gharama hiyo humwangukia mama na binti wanaokwenda kutafuta kuni, na vilima vinavyobaki bila miti.

Wilaya hiyo iliwahi kuona hali hiyo kwa kiwango cha kutisha. Kuanzia Aprili 28, 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa 24, na wengi wakapiga kambi Benaco. Mgao wao ulikuwa zaidi mahindi na maharage makavu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikadiria kuwa wakati wa kilele, kambi za Kagera zilitumia tani 1,200 za kuni kila siku. Kilometa za mraba 570 za misitu ziliathirika, 167 kati ya hizo vibaya sana.

Wakimbizi hao walirejea kwao kwa wingi Desemba 1996, lakini mti hauoti kwa mwezi mmoja. Wala lawama si yao, kwani walipika walichopewa. Mahindi yale yale yakisagwa, ugali huiva kwa dakika chache, wakati mahindi mazima huchemshwa kwa saa kadhaa.

Fundisho hilo bado lina faida kwa kaya ya leo. Kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kutumia kuni zilizokauka vizuri hakuhitaji mtaji. Mchuuzi anayechemsha sufuria moja kubwa na kuuza kwa kipimo huokoa moto wa nyumba nyingi, naye hupata kipato. Mkulima anayechagua mbegu kwa kuangalia mavuno na bei aulize pia huchukua muda gani kuiva.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini mwenye mtungi wa gesi akihofia utaisha mapema, atachemshia chai hapo na maharage atayarudisha kwenye mafiga. Ndiyo maana mpango wa jiko hauna budi kwenda pamoja na kinachopikwa.