Mbu Alijuaje Mlango wa Fundi?

Ukiingia Biashara Street mjini Mombasa kutoka Digo Road asubuhi, maduka yanapofunguliwa, utazisikia cherehani kabla hujaziona leso. Mafundi wamekaa vibarazani. Mama akishachagua doti yake na kuilipia, humkabidhi fundi, naye huikata katikati, akazipinda ncha, akazirudisha zikiwa leso mbili tayari kujifunga. Mguu unakanyaga, vidole vinasukuma kitambaa, shilingi inaingia. Vidole vikigoma, shilingi haiingii.

Nitawasimulia, wanangu, habari za ugonjwa unaogomesha vidole. Unaitwa chikungunya. Homa hupanda ghafla, kisha viungo huanza kuuma: viganja, vidole, magoti, vifundo vya miguu. Wengi homa huwashuka baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki nyingi, na kwa wengine miezi. Ni nadra kuua. Kwa sababu hiyo watu huudharau. Mimi siudharau, maana najua anayelipwa kwa siku hupoteza nini akilala kitandani mwezi mzima.

Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi mapema Februari 2018, wagonjwa 453 waliripotiwa katika Kaunti ya Mombasa, na 32 kati yao vipimo vya maabara vikathibitisha. Aliyemeza tembe zake mbili za maumivu akajilaza nyumbani, huyo hakuhesabiwa.

Anayeueneza ni mbu, lakini si yule wa malaria. Huyu ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, wanasayansi humwita Aedes aegypti, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Chandarua cha usiku hakimsumbui sana. Hana haja na mitaro wala matope. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo: pipa, ndoo, mtungi, tairi lililotupwa uani. Jike hutaga ubavuni mwa chombo kwa ndani, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Maji yakichotwa yakapungua, mayai hubaki pale yamekauka, nayo yanaweza kungoja miezi bila kufa. Siku pipa likijazwa tena, maji huyafikia na viluwiluwi huanguliwa. Chungulia utawaona wakipinduka-pinduka, na baada ya wiki moja hivi mbu wanaruka. Ndiyo sababu kuyamwaga maji hakutoshi. Pipa lazima lisuguliwe ndani kwa brashi, kote, hadi kwenye kingo.

Mbu huyu ni mwenyeji wa siku nyingi. Kule Rabai, si mbali na Mombasa, wanasayansi wamekuwa wakimchunguza tangu miaka ya 1970, kwa kuwa wamewakuta wa namna mbili wakiishi jirani. Mmoja ni wa msituni, huzaliana kwenye mashimo ya miti na hupendelea damu ya wanyama. Mwingine ni wa nyumbani, huzaliana kwenye mitungi ya maji, na harufu anayoifuata ni ya binadamu. Huyu wa pili hana mahali pa kulea watoto wake ila pale sisi tulipoweka maji.

Basi swali linakuja: ni nani huyo anayelazimika kuweka maji?

Fundi wangu wa hadithi sikumpa jina, kwa sababu nimemuunga kutoka kwa mafundi wengi. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, uani choo ni kimoja kwa wote. Mfereji upo, lakini siku unazokauka ni nyingi kuliko siku unazotoka. Maji yakija, mara nyingi ni usiku wa manane, na kila mpangaji hutoka na kila chombo alicho nacho. Yasipokuja, hununuliwa kwa mchuuzi wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa bei ya siku hiyo. Pigeni hesabu kwa lita mtaona kwamba maji ya mkokoteni ni ghali kuliko ya mfereji, na hivyo aliye na kidogo ndiye anayelipa zaidi. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hakuna wa kuyamwaga. Hukaa kwenye pipa la plastiki kando ya mlango, limefunikwa kwa kipande cha ubao kisichofika kingo zote.

Mwenye duka aliyempa fundi kibaraza naye ana shida ya maji, maana Mombasa nzima inayo. Ila yeye anakaa ghorofani, ana tangi lenye kifuniko juu ya paa, ana pampu, na mambo yakizidi huita lori la maji. Madirisha yake yana wavu. Mbu ni yule yule na mtaa ni ule ule. Akiugua, mwanawe atafungua duka. Fundi akiugua, cherehani hufunikwa, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha hodi.

Ipo fani ya elimu inayokaa na mambo kama haya. Ni anthropolojia ya tiba. Daktari huuliza mgonjwa ana ugonjwa gani na apewe dawa gani, na ni maswali muhimu sana. Mwanaanthropolojia humfuata mgonjwa hadi kwake, akakaa naye, akalitazama pipa, akasikiliza watu wa uani wanasema nini. Kisha huuliza: kwa nini yeye? Kwa nini hapa? Nani aliamua maji yafike kule na yasifike huku?

Paul Farmer, Mmarekani, alikuwa daktari na mwanaanthropolojia kwa pamoja. Alianza kazi Haiti katika miaka ya 1980, katika kijiji kinachoitwa Cange. Watu wa Cange walikuwa wakulima wa bondeni hadi lilipojengwa bwawa la Péligre katika miaka ya 1950, na maji yakafunika mashamba yao. Wakapanda mlimani mikono mitupu. Kifua kikuu na UKIMWI vilipowafikia baadaye, Farmer alikataa kusema kwamba wameugua kwa ujinga wao. Alisema wanaumizwa na mpangilio wa mambo: na bwawa lile, na njaa iliyolifuata, na hospitali zisizokuwapo. Mtaalamu wa Norway, Johan Galtung, alikuwa ameieleza fikra hiyo mwaka 1969, kwamba kuna dhuluma iliyojengewa ndani ya jamii, ambayo humtafuti aliyeshika fimbo kwa sababu hayupo. Farmer alifariki Februari 2022 huko Butaro, Rwanda, ambako shirika lake lilikuwa limesaidia kujenga hospitali na chuo kikuu cha afya.

Wala si maji peke yake. Ukivuka kisiwa kwenda bara, huko Mikindani, kiko kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa ubavuni mwake, na madini ya risasi yakaingia katika udongo, katika vumbi na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiwanda kile hakikujengwa Nyali, wanakokaa matajiri.

Lakini turudi kwenye pipa, kwa sababu chikungunya ina historia, na historia yenyewe ni ya kwetu. Madaktari waliuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ulipolipuka mwaka 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Walioandika ni Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, mwaka 1955. Sasa tegeni sikio. Juu ya uwanda ule maji ni adimu, mvua ikinyesha ardhi huyanywa. Watu walishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani mwendo mrefu. Maji ya jasho namna hiyo huwekwa ndani ya nyumba, na yule mbu wa mistari alikuwa humo humo.

Ikapita nusu karne. Mwaka 2004 Lamu ikapata ukame, na katikati ya mwaka chikungunya ikaingia. Mbu wakati wa kiangazi? Watu wamezoea kuwahusisha mbu na mvua, kwa hiyo jambo lile lilikuwa fumbo. Watafiti walipolifuatilia walieleza kwamba joto lilikuwa limepanda, na maji yalipoadimika vyombo vya nyumbani havikubadilishwa maji mara kwa mara. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba karibu watu watatu kati ya kila wanne mjini Lamu walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwaka 2005 ukafika Komoro, ukapita hadi Réunion, ambako karibu thuluthi ya watu wa kisiwa waliugua. Mwaka 2006 ukawa India, na 2007 ukabisha hodi Italia. Magazeti ya Ulaya yalipoanza kujifunza kulitamka jina lake, Lamu walikuwa wameshaugua kitambo.

Newala, Lamu, Mombasa: mara zote mbu amefuata ukosefu wa maji, kwa sababu pasipo na maji ya uhakika ndipo panapowekwa maji.

Na ukosefu huu Mombasa haukushuka kutoka mbinguni. Kisiwa hiki ni cha mawe ya matumbawe. Kwa karne nyingi watu walikunywa maji ya visima, lakini maji ya bahari hupenya kwenye mawe, na vyoo vya mashimo vilipozidi navyo vikapenya. Maji yakaletwa kutoka bara: chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, chemchemi za Mzima kule Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa katika miaka ya 1950, kisha visima vya Tiwi, na Baricho kando ya Mto Sabaki. Yajumlisheni yote, bado mji haupati hata nusu ya maji unayoyahitaji. Yaliyopo hugawanywa kwa zamu. Zamu ikifika, mwenye tangi kubwa hujaza ya siku nyingi, na mwenye ndoo mbili hujaza ndoo mbili.

Wakoloni walikuwa na jibu jepesi kuhusu magonjwa ya mitaa ya namna hii, nalo ni kuwalaumu wanaoishi humo. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, bazaa ya Wahindi ilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua afya ya miji yetu, Mombasa ikiwemo, na ushauri wake ulikuwa watu watengwe kwa rangi, kila rangi na mtaa wake. Mabomba na mitaro mizuri ilienda wapi, hamhitaji niwaambie.

Siku hizi hakuna anayechoma mtaa, lakini lawama haijafa. Utamsikia mtu akisema watu wa vyumba vya kupanga ni wachafu. Nendeni mkatazame. Ua unafagiliwa kila asubuhi, na yale maji ya pipani ni safi, ndiyo mbu akayapenda. Ushauri wa kufunika na kusugua ni wa kweli, nami nimewapa. Ila mama anayeambiwa asiweke maji siku nyingi, yule anayemwambia amweleze pia kesho alfajiri atateka wapi.

Nimebakisha jambo moja, na mimi linanihangaisha. Viongozi wa Taita Taveta wamelalamika miaka mingi kwamba chemchemi za Mzima ziko kwao, lakini vijiji vyao vina kiu huku bomba likishuka Mombasa. Sasa bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na Mombasa inayasubiri maji yake kwa hamu. Ziko familia kule zinazotakiwa kuhama ili kupisha bwawa. Siku maji hayo yatakapofika Biashara Street, na fundi akafungua mfereji ukatoka, nataka mmoja wenu apande matatu hadi Kwale akawaulize waliohama: walikohamia, wamepewa mfereji au wamenunua pipa?