Wimbo kama Hoja: Siti binti Saad na Nafasi ya Mwanamke katika Falsafa ya Pwani

Falsafa ya Kiafrika, tangu ianze kufundishwa vyuoni, imejadiliwa zaidi kwa majina ya wanaume. H. Odera Oruka, katika utafiti uliozaa kitabu cha Sage Philosophy (1990), aliwapambanua wenye hekima wanaohifadhi mapokeo na wale wanaoyahoji. Kigezo hicho ni chema. Ila kilitumika kwa kuwahoji wazee, na wengi wao walikuwa wanaume. Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Mwera na Pangani hadi mpakani, baraza ni la wanaume. Hoja ya mwanamke ilipita unyagoni, katika maandishi ya kanga na katika wimbo. Anayeitafuta barazani peke yake hataiona, kisha atadai kuwa haipo.

Siti binti Saad, ambaye jina lake la awali lilikuwa Mtumwa, alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya wafinyanzi wenye asili ya utumwa. Alichuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alimwandikia wasifu, heshima ambayo fasihi ya Kiswahili ilikuwa haijazoea kumpa mwanamke wa tabaka lile. Hata hivyo, wasifu huo unamtukuza hasa kama kielelezo cha adili. Fikra zake hazina budi kutafutwa katika nyimbo zenyewe.

Wimbo wa “Kijiti”, ambao Laura Fair ameuchambua katika Pastimes and Politics (2001), unahusu mauaji ya mwanamke. Mtuhumiwa alitorokea bara. Waliofungwa ni mashahidi wanawake, kwa kosa la pombe. Hapa pana zaidi ya malalamiko. Wimbo unauliza sheria inamlinda nani ikiwa kusema kweli mbele ya hakimu kunamgeuza shahidi kuwa mkosaji. Mahakama inayoadhibu ushahidi inajinyima njia ya kuijua haki inayodai kuitoa. Hilo ni swali la falsafa ya sheria, na liliulizwa mbele ya hadhira iliyoijua kesi na isiyokuwa na sauti nyingine katika mahakama ya kikoloni. Kwa kigezo cha Oruka mwenyewe, huku ni kuhoji. Pia ni mchango katika maendeleo, ikiwa neno hilo linahusu utawala wa haki na si barabara na viwanda tu.

Pingamizi moja lina uzito: nyimbo za taarabu zilitungwa kwa pamoja na wanakundi, wakiwamo wanaume kama Subeti Ambar na Budda Swedi, hivyo si rahisi kudai kwamba kila wazo ni la Siti. Lakini sharti la mwandishi mmoja ni la kitabu, halitokani na falsafa. Socrates hakuandika lolote. Mawazo yake yanajulikana kupitia kalamu za wengine, na hakuna anayemnyima cheo kwa sababu hiyo.